Dunia ni ya mviringo, na shamba lako liko juu yake

Maneno tuliyotoa mbele ya wanachama waliorudi Masisi na Walikale

 

Tangu watu walianza kurudi, sisi tunaopita vijijini kuandika mashamba tunakutana na maswali matatu, Masisi kama Walikale. La kwanza: ile mashini ndogo munashika mkononi inajuaje pahali shamba langu liko? La pili: ikisha kuandika, shamba linabaki langu ao linakuwa la ONG? La tatu linatoka kwa vijana wenye telefone: kuna video zinasema dunia iko bapa sawa meza, sasa nani anasema kweli? Leo tutajibu yote matatu pamoja, juu yanashikana. Tutaanza na la vijana, maana bila hilo la kwanza halina jibu.

Tuanze na macho. Ukisimama juu ya kilima cha Masisi unaona milima nyuma ya milima. Ukisimama katika pori la Walikale unaona miti tu. Kote kuwili hakuna mtu anayeona dunia ikijipinda, na sababu ni ukubwa wake. Chukua kamba iliyonyooka kabisa, uielekeze usawa mbele yako. Kwa mita 100, ni kusema urefu wa shamba, udongo unashuka chini ya ile kamba kwa kipimo kisichofika milimita moja. Kwa kilomita moja unashuka kama sentimita 8. Ndiyo maana mwenye kulima maharagi na mwenye kujenga nyumba hawana haja ya kuhesabu mviringo. Lakini ukiongeza njia mara kumi, kushuka kunaongezeka mara mia. Kwa kilomita 10 ni karibu mita 8. Toka Masisi-Centre mpaka Walikale-Centre, kwa njia ya ndege, ni kama kilomita 82 (njia ya miguu na pikipiki munaijua wenyewe), na kushuka huko kunapita nusu ya kilomita.

Waliopitia Goma wanajua Ziwa Kivu. Asubuhi yenye hewa safi, angalia boti inayokwenda Bukavu. Haipotei mzima mzima. Tumbo linaingia majini kwanza, kisha madirisha, na paa njo linabaki la mwisho. Mtu aliyesimama ukingoni, macho yake yakiwa mita 2 juu ya maji, mwisho wa maji anaouona uko kama kilomita 5 tu. Akipanda pahali pa juu, lile tumbo la boti linarudi kuonekana. Kama boti ilipotea juu ya umbali peke yake, kupanda hakungeirudisha.

Angalieni tena mwezi. Jumapili tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa. Ulianza kuliwa karibu saa kumi na mbili na nusu ya magaribi, na toka saa moja na nusu mpaka karibu saa tatu ya usiku ulikuwa mwekundu mzima. Kilichokuwa kinakula mwezi ni kivuli cha dunia yetu, na ukingo wa kivuli hicho ni wa duara. Mtu atasema: hata sahani inatoa kivuli cha duara. Ni kweli, kama umeishika vizuri mbele ya taa. Igeuze upande, kivuli kinakuwa chembamba sawa kijiti. Lakini mwezi unapatwa pengine magaribi, pengine usiku katikati, pengine alfajiri, na kila mara kivuli kinakuja cha duara. Kitu kinachotoa kivuli cha duara toka kila upande ni mpira. Aristotle, mwalimu wa Wagiriki wa zamani, alisema neno hilo zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, bila video na bila telefone.

Na saa je? Kila mwenye ndugu Kinshasa anajua kwamba hapa ikiwa saa moja ya asubuhi, kule ni saa kumi na mbili. Dunia inageuka duara nzima, digrii 360, kwa saa 24. Ni kusema digrii 15 kwa saa moja, na digrii moja kwa dakika 4. Kinshasa na Goma zinaachana kama digrii 14, karibu saa moja ya jua, na Serikali imeandika saa moja kamili. Goma na Walikale-Centre ziko na saa moja katika telefone, lakini jua lenyewe linatangulia Goma kwa dakika 4 na nusu hivi. Kama dunia ingekuwa meza, jua lingechomoza kwa wote mara moja.

Basi ni mpira. Lakini mpira wa ukubwa gani? Hapa njo kazi ya kipimo inaanza.

Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, kule Misri, Eratosthenes alikuwa mkubwa wa nyumba ya vitabu ya Alexandria. Alijua kwamba katika mji wa Syene, ambao leo unaitwa Aswan, kuna siku moja ya mwaka jua la saa sita linashuka mpaka chini ya kisima, na kijiti hakina kivuli. Siku hiyohiyo Alexandria kivuli kinabaki. Akapima pembe ya kile kivuli, akakuta ni sehemu moja ya 50 ya duara. Kama njia toka Alexandria mpaka Syene ni sehemu moja ya 50, basi duara nzima ya dunia ni mara 50 ya njia hiyo. Tunapenda kuwakumbusha kwamba mto unaopita Aswan si mgeni kwetu: maji ya mto Rutshuru yanaingia Ziwa Edward, yanafuata Semliki, na mwisho yanaingia katika ule Nile.

Sisi pia tunaweza kufanya kazi yake, na kijiti cha mita moja kinatosha. Masisi-Centre na Walikale-Centre ziko karibu mstari mmoja, kama digrii 1.4 kusini ya ikweta. Kwa hiyo siku yetu ya jua la utosi ni moja: karibu tarehe 17 Machi, na tena karibu tarehe 26 Septemba. Mwezi wa tatu ni karibu saa sita na robo, mwezi wa tisa karibu saa sita kamili. Simamisha kijiti wima kabisa, na kamba yenye jiwe ikuonyeshe kama kimesimama vizuri. Kivuli kitajificha chini ya kijiti. Siku hiyo mpigie simu ndugu aliye Lubumbashi, apime kivuli cha kijiti cha mita moja wakati kivuli kinakuwa kifupi kuliko vyote. Atapata karibu sentimita 18, kimelala upande wa kusini. Hiyo ni pembe ya digrii 10 na robo. Duara nzima ya digrii 360 inaingiza pembe hiyo kama mara 35. Toka kwetu mpaka Lubumbashi, kwa njia ya ndege, ni kama kilomita 1,140. Zidisha mara 35, unapata 39,900. Jibu la wataalamu ni karibu 40,000.

Mtu mkali atatuuliza: hizo kilomita 1,140 mumezitoa wapi? Kama ni kwenye ramani, aliyechora ramani alikuwa amekwisha kujua ukubwa wa dunia, basi munazunguka tu! Swali hilo ni zuri. Kivuli kinatoa pembe, hakitoi kilomita. Kilomita zinatolewa na mtu anayetembea juu ya udongo na kipimo.

Na watu walitembea, tena karibu na hapa. Mwaka 1879 David Gill, aliyekuwa mkubwa wa nyumba ya kupima nyota huko Cape, Afrika Kusini, alitoa wazo la kupima Afrika toka kusini mpaka Misri kwa kufuata mstari wa digrii 30 mashariki. Mstari huo unapita karibu na Kigali na karibu na Kasese, chini ya Rwenzori. Mwaka 1908 na 1909 kikundi cha Waingereza na Wabelgiji kilipima kipande cha upande wa mpaka wa Uganda na Congo, pale mstari unapovuka ikweta. Kipande cha mwisho, katika Sudan, kilimalizika mwaka 1954. Ni kazi ya miaka 75.

Hawakutandika kamba toka Cape mpaka Cairo. Walitafuta uwanda, wakapima hapo mstari mmoja wa msingi kwa waya wa chuma, kwa uangalifu mkubwa. Kisha walipanda vilima, na mizigo ikapanda juu ya vichwa vya wabebaji. Toka kilima kimoja walielekeza chombo cha kupima pembe kwa vilima viwili vingine. Pembetatu ukijua upande wake mmoja na pembe zake, pande zilizobaki unazipata kwa hesabu, bila kushuka bonde wala kuvuka mto. Pembetatu ya kwanza inazaa ya pili, ya pili inazaa ya tatu. Usiku walipima nyota, wajue wamesogea digrii ngapi. Hivyo kilomita na digrii zilikutana, na ukubwa wa dunia ukatoka kwa miguu ya watu.

Kazi ya namna hiyo ilikuwa imekwisha kufanywa Ulaya, na matokeo yake yako mikononi mwenu. Mwaka 1791 Wafaransa waliamua kwamba kipimo kipya kitolewe katika dunia yenyewe: toka ncha ya kaskazini mpaka ikweta, gawa mara milioni kumi, kila sehemu iitwe mita. Toka mwaka 1792 mpaka 1798 Delambre na Méchain walipima kati ya Dunkerque na Barcelona ili wapate urefu huo. Kwa hiyo toka ncha mpaka ikweta ni kama kilomita 10,000, na duara nzima kama 40,000. Ikweta hiyo inapita katika jimbo letu, kati ya Butembo na Lubero. Ile dekametre munayovuta shambani imekatwa katika dunia nzima. Na hekta, mita 100 kwa mita 100, ni mtoto wake.

Tuongeze jambo moja juu litatusaidia mbele. Mpira huu si kamili, umevimba kiunoni. Mwaka 1735 Wafaransa walituma watu kupima digrii moja karibu na ikweta, upande wa Quito huko Amerika ya Kusini, na mwaka 1736 wengine wakaenda kaskazini kabisa, Lapland. Digrii ya kaskazini ilikuwa ndefu kuliko ya ikweta, na hiyo inaonyesha kwamba dunia imebanwa kwenye ncha. Leo tunajua: toka katikati ya dunia mpaka ikweta ni kilomita 6,378, mpaka ncha ni kilomita 6,357. Sisi watu wa karibu na ikweta tuko mbali na katikati ya dunia kuliko watu wa ncha, kwa kilomita 21 hivi.

Sasa turudi kwa ile mashini, GPS. Juu yetu, kwa kilomita zaidi ya 20,000, kunazunguka satelite nyingi. Kila moja inatuma ujumbe: niko hapa, na saa yangu ni hii. GPS inasikiliza satelite nne ao zaidi, inapima ujumbe umechelewa kiasi gani, na toka pale inajua iko mbali na kila moja kiasi gani. Hapo inapata nukta moja, ikihesabu toka katikati ya dunia. Ili igeuze nukta ile kuwa digrii za kusini na mashariki, ni lazima ijue umbo na ukubwa wa dunia. Zile kilomita 6,378 na 6,357 ziko ndani yake. Vijana, yule anayewatumia video ya dunia bapa anatumia telefone ambayo, kila mara inapomwonyesha njia, inahesabu juu ya dunia ya mviringo. Ingehesabu juu ya meza, ingempoteza.

Mashini ile ya GPS inasikiliza tu, sawa redio. Haisukumi mpaka na haiuzi ardhi. Lakini namba zake zikiandikwa vibaya zinaweza kuleta vita ya jirani na jirani, na hapa tunaomba masikio yenu.

Kwanza, herufi S. Sisi tuko kusini ya ikweta. Masisi-Centre iko kama 1.40 kusini na 28.81 mashariki. Mwandishi akisahau S, ao ile alama ya kutoa mbele ya 1.40, shamba linaruka juu ya ikweta, kilomita kama 310, linaangukia katika msitu wa okapi wa teritwari ya Mambasa, Ituri. Akibadilisha namba mbili, ya kwanza akaiweka ya pili, shamba la Masisi linaangukia jangwani Algeria.

Pili, tarakimu za nyuma ya nukta. Digrii moja hapa kwetu ni kama kilomita 111. Tarakimu mbili nyuma ya nukta zinatambua pahali kwa kilomita moja hivi: hapo kuna mashamba ya kijiji kizima. Tarakimu nne ni mita 11. Tarakimu tano ni mita moja. Karatasi yenye tarakimu mbili haiwezi kuamua jiwe la mpaka, hata ikiwa na tampo tatu.

Tatu, pori. Walikale chini ya miti mikubwa, na katika mabonde ya Masisi, ujumbe wa satelite unafika umechoka, na mashini inaweza kukosea kwa mita nyingi. Tafuteni pahali peupe, mungoje dakika kadhaa, kisha muvute dekametre toka pale mpaka kwenye jiwe ao mti wa mpaka, na muandike urefu huo.

Nne, na hili ni zito: ramani za zamani. Ramani zilizojengwa juu ya kile kipimo cha digrii 30 zilitumia mpira wa dunia wenye vipimo vya mwaka 1880. GPS inatumia vipimo vya mwaka 1984. Namba zilezile, zikisomwa kwa mpira wa kwanza na kwa mpira wa pili, zinaweza kuanguka pahali panapoachana kwa zaidi ya mita mia mbili. Munaona hatari yake. Mtu amekimbia, amerudi, ameshika karatasi ya baba yake. Jirani ameshika karatasi mpya. Namba hazilingani, na kila mmoja anamwita mwenzake mwizi. Pengine hakuna mwizi. Pengine wote wawili wanasema kweli, na udongo haujahama hata sentimita moja. Mbele ya kusema jiwe limesukumwa, muulize: karatasi hii imetumia vipimo vya mwaka gani? Fundi wa kadasta anaweza kugeuza namba toka kipimo kimoja mpaka kingine.

Tumebakisha swali la pili: shamba ni la nani? Hapa tunasema wazi. Kipimo cha dunia kinajua wapi, hakijui ya nani. Satelite haikuona babu yako akifyeka. Haijui nani aliacha shamba juu ya risasi, nani aliombwa alilinde, na nani aliuziwa na mtu asiyekuwa na haki ya kuuza. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, na haki ya mtu inaandikwa kwa karatasi ya Serikali. Kijijini, haki hiyo inajulikana kwa vinywa vya wazee, majirani na mwami. Namba za GPS si cheti, na mtu akiwauzia namba hizo kama cheti, mumukatae. Kazi yake ni kusaidia ushahidi wa watu usipotee, juu wazee wanakufa, miti ya mpaka inakatwa, na watu wanaweza kuhama tena.

Kwa hiyo tunaomba kila jamaa iandike mambo haya katika kopi mbili, moja kwake na moja kwa shirika: namba mbili zenye tarakimu tano, na S mbele ya macho, tarehe na aina ya mashini, urefu wa kila upande kwa dekametre, alama zinazoonekana, mto, jiwe, mti, na majina ya majirani wa pande zote, waliosimama pale na kukubali. Mama wajane na watoto yatima waandikwe kwa majina yao wenyewe. Jirani asipokuwapo, muandike kwamba hayupo. Musijaze nafasi yake.

Walimu walio hapa, tunawaomba wajaribu kijiti pamoja na wanafunzi mwezi wa tisa, Masisi na Walikale siku moja. Mtoto aliyepima dunia kwa kijiti hatadanganywa kirahisi na karatasi ya shamba. Na wenye karatasi zinazoachana wasingoje mpaka maneno yawe makali: mukuje wote wawili, wewe na jirani yako, na karatasi zote mbili mezani.

 Sasa ni zamu yenu ya kuuliza.